Kabla ya kisu, umeme wa msuli usomwe

Mtoto anayetembea kwa kuchuchumia, visigino vikikataa kugusa chini, humfanya kila anayemtazama afikirie jambo moja: kano ya kisigino ni fupi. Mara nyingi mzazi naye huelezwa hivyo, na mazungumzo huhamia upesi kwenye hogo au upasuaji wa kuirefusha kano. Lakini kuchuchumia kuna vyanzo zaidi ya kimoja. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, msuli wa shavu la mguu unaweza kuwa umefupika kweli, kiasi kwamba hata akilala usingizi wayo haukunjiki kwenda juu. Unaweza pia kuwa na urefu wa kutosha, ila unajikaza wakati usio wake kwa kuwa ubongo umeshindwa kuutuliza. Wengine wana yote mawili. Kwa macho matupu watoto hawa hufanana mno, na ndiyo maana nashikilia kwamba kano ya mtoto wa namna hii isiguswe kabla umeme wa misuli yake haujapimwa akiwa anatembea, na kwamba kipimo hicho kiwe huduma ya kawaida katika hospitali zetu za rufaa.

Neno umeme huwatia hofu wazazi, kwa hiyo ni vyema lieleweke mapema. Neva inapouamuru msuli ujikaze, nyuzi za msuli zenyewe huzalisha umeme hafifu sana, ambao ukifika juu ya ngozi huwa wa milivolti chache au chini ya hapo. Emil du Bois-Reymond alikwisha kuupima katika misuli ya binadamu mjini Berlin katikati ya karne ya 19. Leo vibandiko viwili vidogo vinavyowekwa sentimita 2 hivi kimoja kutoka kingine vinatosha, bila sindano. Kifaa hupokea tu umeme huo na kuuchora, hakimpigi mtoto shoti. Shavu la mguu linafaa sana kwa kazi hii kwa sababu misuli yake mikubwa iko karibu na ngozi. Juu kuna gastroknemio yenye vichwa viwili, inayovuka goti na kifundo cha mguu. Chini yake kuna soleo, inayovuka kifundo peke yake. Zote mbili huishia kwenye kano moja ya kisigino. Kwa mtu anayetembea kawaida, misuli hii hutulia mguu unapoelea hewani, huamka wayo ukishakanyaga, hupanda hadi kilele wakati kisigino kinapoinuka, kisha hunyamaza kabla vidole havijaacha ardhi.

Ratiba hiyo ndiyo inayotoa ushahidi. Msuli uliokakamaa kwa sababu ya ubongo mara nyingi huwaka mapema, mguu ungali hewani au mara tu unapogusa chini, wakati ambapo ulipaswa kuwa kimya. Msuli uliofupika tu unaweza kuwaka na kuzima kwa wakati wake, na bado kisigino kisishuke. Tiba hazilingani. Sindano ya botulini hulegeza kwa miezi kadhaa msuli unaojikaza ovyo, lakini hairefushi msuli uliofupika. Upasuaji huongeza urefu, lakini haufundishi ubongo kutuliza chochote. Na kosa la upasuaji lina gharama kubwa. Soleo ndiyo inayouzuia muundi usianguke mbele mwili unapopita juu ya wayo. Kano ikirefushwa kupita kiasi, kizuizi hicho hupotea, magoti hujikunja, na mtoto aliyekuwa akichuchumia huanza kutembea amejikunja, mwendo unaomchosha na ambao ni mgumu kuurekebisha kuliko ule wa kwanza. Daktari Jacquelin Perry, aliyefanya kazi Rancho Los Amigos huko California, alitumia miaka mingi kuonyesha jinsi umeme wa misuli unavyoweza kuongoza uamuzi wa mpasuaji wa mifupa. Maarifa haya yamekuwapo kwa muda mrefu.

Wapo watakaosema mikono ya daktari mzoefu inatosha. Anaweza kuukunja wayo goti likiwa limenyooka, kisha goti likiwa limekunjwa, akajua kama tatizo liko kwenye gastroknemio peke yake. Anaweza kurudia mtoto akiwa amepewa dawa ya usingizi, mkakamao ukapotea na ufupi halisi ukabaki. Vipimo hivyo ni vizuri na visiachwe. Vyote, hata hivyo, hufanywa mtoto akiwa amelala, ilhali mkakamao hubadilika kwa kasi ya mwendo, kwa uzito wa mwili, hata kwa woga. Kinachotafutwa ni habari za hatua, na hatua hazipatikani kitandani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kipimo chenyewe hudanganya. Ni kweli. Mafuta chini ya ngozi hupunguza umeme, jasho hulegeza vibandiko, na umeme wa msuli wa jirani hupenya kama redio ya chumba cha pili. Wingi wa umeme hauelezi moja kwa moja nguvu ya msuli, na kulinganisha mikrovolti za mtoto mmoja na za mwingine hakuna maana. Zaidi ya hapo, mtoto mzima akiambiwa atembee kwa kuchuchumia makusudi, misuli ya shavu la mguu wake nayo huwaka mapema. Kwa hiyo sidai kwamba mchoro huu utoe hukumu peke yake. Usomwe pamoja na vipimo vya mkono na video ya mwendo, na swali lake la kwanza liwe lini msuli umewaka, kabla ya kuuliza kwa kiasi gani. Muda wa kuwaka haupotoshwi na mafuta kama kiasi kinavyopotoshwa.

Kuhusu fedha, maabara kamili ya mwendo yenye kamera nyingi ni ghali, na sidhani tuanze nayo. Kifaa cha njia chache, kompyuta moja na video iliyooanishwa na mchoro vinaweza kujibu swali hili. Upungufu mkubwa zaidi ni wa wasomaji wa mchoro, na huo unazibika. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanzishwa 1981, kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Somo hili lina mahali pa kukaa hapo na katika vyuo vya fiziotherapia. Wahitaji tunao: waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, waliopata manjano kali uchangani, walionusurika na malaria ya ubongo. Kuna pia konzo, iliyoelezwa Kongo mwaka 1938 na kuzuka mkoani Mara mwaka 1985, ambayo huwapata wanaokula mihogo michungu isiyoondolewa sumu vizuri. Nayo hukakamaza miguu na kuwafanya watu wachuchumie, na chanzo chake kiko kwenye neva za juu, mbali na kisigino.

Kila mtoto anayepelekwa kurefushwa kano apimwe kabla, apimwe tena mwaka mmoja baadaye, na michoro yote miwili ihifadhiwe kwenye faili lake. Na mzazi, kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, aonyeshwe ule wa kwanza na aelezwe kwa Kiswahili ni wapi katika hatua msuli wa mwanawe unawaka, na ni wapi ulipaswa kunyamaza.