Butembo na Beni: kompyuta ya kazi isigeuzwe ya majaribio

Katika miji ya Butembo na Beni, kompyuta ya mezani ni chombo cha kutafutia mkate. Ndiyo inayochapa TFC za wanafunzi, inayokata video za harusi na kurekodi nyimbo za kwaya. Ikichelewa, mteja anahamia mlango wa jirani. Ndiyo maana vijana mafundi wanavutiwa na ovakloki, yaani kuingia ndani ya BIOS na kulazimisha prosesa na memori zikimbie kuliko kasi iliyowekwa na kiwanda.

Tamaa hiyo inaeleweka. Mwaka 1998, prosesa ya Intel Celeron 300A ilijipatia sifa kwa sababu wengi waliweza kuipandisha kutoka megahezi 300 hadi 450. Lakini prosesa za leo hujipandisha zenyewe kazi inapozidi, na faida inayobaki ni ndogo. Tena mashine nyingi za mtumba zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi. Dell OptiPlex, kwa mfano, haimpi fundi nafasi ya kubadilisha kasi hiyo.

Ipo pia hesabu ya umeme. Ulaji wa prosesa hupanda pamoja na kasi, na hupanda zaidi volti zikiongezwa. Anayeongeza kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, anaongeza ulaji kwa karibu asilimia 33. Kwa anayetegemea jenereta, hayo ni mafuta. Ulaji huo wote hugeuka joto. Baridi ya Butembo, mji ulio juu ya mita 1,700, inaweza kuficha kosa; mashine ileile ikishushwa Beni, kilomita 54 tu, inaanza kuzimika.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyopiga kelele. Memori iliyosukumwa kupita kiasi haizimi mashine kila mara. Inaweza kubadilisha data kimyakimya, faili likahifadhiwa likiwa limeharibika, na mwenyewe asijue mpaka siku ya kulifungua. Kwa hiyo fundi makini hupima kwanza kwa programu kama MemTest86, saa nyingi bila kukatizwa. Hapo ndipo shida ya kwetu inapoonekana: umeme ukikatika usiku, jaribio nalo limekatika. Mashine ambayo haikumaliza jaribio haijathibitishwa. Ikirudishwa kazini hivyo, kazi ya mteja ndiyo inakuwa jaribio.

Kuna njia za kuharakisha mashine zisizo na bahati nasibu. Diski ya zamani ibadilishwe kwa SSD. Memori iongezwe kama ni ndogo. Vumbi lipulizwe, na dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa iwekwe upya, maana prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe. Fedha zikibaki, inunuliwe ondulere ya kuilinda mashine umeme unapokatika.

Hakuna anayewakataza vijana kujifunza ovakloki; ni elimu nzuri. Wajifunzie kwenye mashine zao wenyewe. Na fundi asipandishe kasi ya mashine ya mtu bila kumwambia. Dakika chache zilizookolewa haziwezi kulipa TFC iliyoandikwa mwaka mzima, ikakataa kufunguka asubuhi ya kuitetea.