Lenzi Inayokula Masafa

Mjukuu wangu alikuja likizo hapa Masasi na kamera yenye lenzi ndefu kama mtutu wa bunduki. Akanionyesha picha aliyoipiga Morogoro: treni ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, imejaa picha nzima, na milima ya Uluguru imeyainamia mabehewa kana kwamba itayaangukia. "Babu, unaionaje?" Nikamwambia ni picha nzuri, na ni ya uongo. Hakupenda. Mama yake hakupenda zaidi.

Uongo huo hautoki kwenye kioo. Hapo wengi hukosea, hata sisi walimu. Simama hatua 2 kutoka kwenye nguzo, nguzo ya pili ikiwa hatua 10 nyuma yake. Ya pili utaiona ndogo sana. Sasa rudi nyuma hatua 200: nguzo zote mbili zinakaribia kulingana, na jicho lako halina lenzi yoyote. Kazi ya lenzi ya milimita 300 ni kukata kipande kidogo cha mandhari hayo ya mbali na kukikuza mara 6 kuliko lenzi ya kawaida ya milimita 50. Ndipo mabehewa yanapobanana, mlima ukasogea, na reli yenye kona ndogo ikaonekana imepinda kama nyoka. Mwenye kosa ni mtu aliyesimama mbali akajifanya alikuwa karibu.

Ubaya uko wapi? Reli hujengwa kwa sababu ya masafa. Ukiyafuta masafa, umefuta sababu ya reli.

Nilikuwa mtoto wakati treni ilipofika hapa kwetu. Ilitokana na mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Reli ilikwenda Nachingwea, ikaunganishwa na bandari ya Mtwara, na tawi likaletwa Masasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, kisha reli zikang'olewa. Newala haikupanda kamwe. Wajomba zangu waliteremka kutoka uwanda wa Makonde kuja kuitazama tu.

Mzee mmoja alikuwa na picha yake. Treni ni ndogo kama kiwavi pembeni. Kwingine kote ni pori, anga, na mlima mmoja wa mawe kwa mbali. Nilipokuwa mwalimu kijana nilimcheka aliyeipiga, nikidhani amekosa shabaha. Ilinichukua miaka kuona alichokiona: kando ya njia hakuna shamba, hakuna gunia, hakuna mtu. Treni ile haikuwa na cha kubeba. Lenzi ndefu ingetupa kichwa, mabehewa yaliyosongamana na mlima mgongoni, nasi tungeapa kwamba tulikuwa na neema kubwa tukaporwa. Wapo wanaoapa hivyo hata leo.

Mgeni mmoja alisimama Newala ukingoni mwa uwanda, akalivuta bonde la Ruvuma kwa lenzi ya namna hiyo, akasema maji yako hapo tu. Angewauliza akina mama walioteremka kuyachota na kupanda nayo kichwani.

Mjukuu ananijibu kwamba treni ya kilomita 160 kwa saa haisogelewi. Kweli, wala sitaki akanyagwe. Akae nje ya uzio, lakini aweke lenzi fupi, treni iwe ndogo kama ilivyo, na nchi iwe kubwa. Akitaka uso wa dereva dirishani, hapo lenzi ndefu ina haki yake. Siyo kila picha, jamani!

Kabla hajaondoka nilimpeleka ilipopita njia ya zamani. Pana nyasi tu. Akapiga picha moja kwa lenzi fupi, akaitazama kwa muda mrefu, asiseme neno. Kisha akafungua mkoba, akatoa ile ndefu.