Mlango wa Simu Yako Una Mwenyewe

Itazame simu yako kabla hujaifungua. Unaona saa, tarehe, picha uliyoichagua, na chini yake safu ya arifa. Hiyo ndiyo skrini iliyofungwa, nao ndio ukurasa unaousoma mara nyingi zaidi kuliko kitabu chochote ulicho nacho. Watu hubishana juu yake kana kwamba ni suala la mapambo tu. Mimi nasema ni suala la mamlaka: ni nani mwenye haki ya kuamua kinachoandikwa pale, mnunuzi au mtengenezaji?

Kwa miaka mingi watengenezaji walijijibia wenyewe. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilimwachia mwenye simu picha ya nyuma, basi. Ilipita miaka 15, hadi toleo la iOS 16 mwaka 2022, ndipo Apple ikamruhusu kubadili mwandiko wa saa na kuweka wijeti. Akangoja hadi 2024 kuweza kuviondoa vitufe vya tochi na kamera. Upande wa Android mwendo ulikuwa wa kinyumenyume: toleo la 4.2 la mwaka 2012 lilileta wijeti kwenye skrini iliyofungwa, na toleo la 5.0 la mwaka 2014 likazifuta. Aliyekwisha kuzizoea hakuulizwa. (Nanyi wanafunzi, kitazameni vizuri kitenzi hicho, “hakuulizwa”: mtendwa yupo, mtenda amejificha.) Leo tunapewa rangi za saa hata tukashindwa kuchagua, lakini simu ikiandika 7:00 asubuhi, sisi tunaosoma saa moja bado twafanya hesabu wenyewe kichwani.

Wanaoutetea utaratibu huo wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba chaguo nyingi humchanganya mtumiaji. Hiyo ni dharau. Mama anayeuza nyanya katika soko la Owino, Kampala, huku akipokea pesa kwa laini mbili za simu na kukumbuka madeni ya wateja wake wote, hatashindwa na orodha ya mipangilio.

Hoja ya pili, ya usalama, ina uzito. Kinachoonekana kabla ya nywila huonekana na mwizi pia. Lakini hoja hiyo huwageukia walioitoa, kwa maana simu nyingi huuzwa zikiwa zimepangwa kuonyesha maneno ya ujumbe wazi. Umekaa ndani ya teksi ya kwenda Ntinda, simu ipo pajani, ujumbe unaingia: salio lako, au ile namba ya siri ya muda ambayo benki imekutumia. Jirani yako amekwisha kuusoma kabla hujainamisha kichwa. Tena dawa ipo. Tangu iPhone X ya mwaka 2017, simu za Apple zenye kutambua uso huficha maneno ya ujumbe mpaka zimtambue mwenyewe. Android nayo ina mpangilio wa kuyaficha, ila ni juu yako kuutafuta. Basi usalama huo unaotumiwa kutunyima wijeti, mbona haukutumiwa kuficha salio la mtu?

Halafu kuna matangazo, na hapa ndipo ninapokasirika. Mwaka 2016, huko Marekani, Amazon iliuza simu ya BLU R1 HD kwa dola 50 ikiwa na matangazo kwenye skrini iliyofungwa, au dola 100 bila matangazo. Biashara ile siipendi, na Amazon yenyewe iliyaondoa matangazo hayo mwaka 2018. Lakini angalau mnunuzi aliijua bei ya macho yake. Leo kampuni ya Glance ya India imejijenga juu ya ukurasa huohuo, ikipeleka picha, habari na matangazo kwenye skrini za simu za Android kabla hazijafunguliwa. Mwenye kupenda na apende. Ninachokataa ni mtu kulipa bei kamili dukani, akafika nyumbani na kukuta mgeni amekwisha kuketi mlangoni pake.

Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakataza kuingilia faragha ya makazi ya mtu, barua zake, mawasiliano yake na mali yake nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 ikaipa ridhaa nafasi yake. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: tangu Machi 2024 unazilazimisha kampuni kubwa kumwachia mtumiaji kuondoa programu nyingi alizozikuta ndani ya kifaa. Kwa nini wabunge wetu wa Afrika Mashariki wasidai kwamba tangazo lolote la skrini iliyofungwa litajwe juu ya boksi la simu, kando ya bei?

Wakati tunawangoja, anza na mwenye duka. Kabla hujatoa fedha, mwombe aiwashe simu, kisha umwulize kwa Kiswahili chako kizuri: “Samahani, ndugu, skrini hii ikiwa imefungwa, huonyesha matangazo? Na nikitaka kuyaondoa, nabonyeza wapi?” Usilipe mpaka akuonyeshe kwa kidole.