Motokaa ya Mbio na Barabara ya Nungwi



Mwezi huu tumepokea barua ya kijana wa Nungwi, na kwa ombi lake hatutamtaja jina. Huchukua wageni kutoka mjini kwa gari yake mwenyewe, Subaru kuukuu iliyotoka Japani, na kwa miaka mitatu ameweka akiba ya harusi yake. Sasa ameona picha za magari ya fakhari yaliyotengenezwa upya, naye ataka kutoa nusu ya akiba ile ili gari yake iongezwe nguvu, ilale chini, na bomba la moshi livume. Mama yake amelia. Mjomba wake, fundi wa vyombo pale pwani, amecheka tu. Kijana atuuliza ni yupi mwenye haki.

Hatutamjibu kwa kumkemea, kwani kazi hiyo ni elimu nayo ina mabingwa wake. Mwaka 1967 mafundi wawili wa Kijerumani, Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher, waliasisi karakana waliyoiita AMG. Mwaka 1971 waliichukua Mercedes ya kitajiri, gari kubwa na nzito, wakaupanua mtambo wake hata nguvu zikapanda kutoka kiasi cha farasi 250 hadi kupita 400. Katika mashindano ya saa 24 ya Spa, nchini Ubelgiji, gari hiyo ikatoka ya pili. Lakini hawakuugusa mtambo peke yake: waliivisha magurudumu mapana, na mabawa yake wakayatanua ili yaenee. Picha aliyoiona kijana wetu yaonyesha mapambo. Mengi ya kazi yenyewe yako chini ya bodi.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki tunao mfano ulio bora zaidi kwa mtu wa akiba ndogo. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953. Mwaka 1963 yalitoka magari 84, yakamaliza saba. Miaka miwili baadaye akashinda Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa maarufu, kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Gari za mashindano yale hazikulazwa chini, bali ziliinuliwa na kukazwa, kwa sababu barabara ndiyo iliyotoa amri, nayo ilikuwa ya mashimo na matope.

Sasa turudi kwa mjomba, ambaye twadhani tumekifahamu kicheko chake. Fundi wa Nungwi akiletewa ngalawa na kuambiwa aiongezee tanga, kwanza hutazama mlingoti, kisha mirengu, kisha mbao zenyewe kama zitastahimili. Tanga kubwa juu ya chombo dhaifu halileti mwendo. Huleta maji ndani. Basi motokaa ni vivyo hivyo. Turbo ni feni izungushwayo na moshi unaotoka, ikashindilia hewa zaidi ndani ya mtambo ili petroli nyingi zaidi iungue. Nguvu huzidi, na joto huzidi pamoja nayo. Kama njia za maji na mafuta ya kulainisha hazikutengenezwa zikalingana na joto hilo, mtambo huungua mapema, na khasara yake hushinda gharama ya kwanza.

Tena kuna hesabu ambayo vijana wengi hawaijui. Gari iendayo kilomita 80 kwa saa, ikifungwa breki, huhitaji mwendo wa kusimama mara nne kuliko iendayo 40, wala si mara mbili. Nani asiyeijua njia ile, Mahonda, Kinyasini, Mkwajuni, hata Nungwi? Watoto watoka chuoni na majuzuu kifuani, ng'ombe wavuka bila ya kuuliza, na matuta ya barabarani yaingoja gari iliyolazwa chini ili yalikwaruze tumbo lake.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Aanze na breki, matairi na springi, kazi isiyoonekana na mpita njia wala haiimalizi nusu ya akiba. Mtambo auachie nguvu alizozaliwa nazo, aubadilishie mafuta kwa wakati. Rangi akitaka aipake, hatuoni ubaya. Hata majahazi ya babu zetu yalitiwa nakshi nyuma. Ama akiba iliyobaki, asisahau kwamba yuko binti anayeihesabu pamoja naye, na hatukuona katika barua kwamba amemshauri.

Na bomba la kuvuma? Kelele haiongezi mwendo hata hatua moja, na Nungwi wako watoto wachanga wanaolala mchana.