Kijana Anayetaka Kwenda China

Jioni moja kijana wa hapa Kindu alinijia na shauri. Kijana huyu huwafuata wachezaji wa mpira uwanjani na kuwakanda miguu. Tangu AS Maniema Union, timu ya mji wetu, ilipoingia katika mashindano ya mabingwa wa Afrika mwaka 2024, anaona kwamba wachezaji wetu wanahitaji watu wa kuwatunza. Akasema, "Mwalimu, nataka kwenda China nijifunze kutibu kwa sindano na kwa chuku. Baba yu tayari kuuza shamba. Je, ni vema?"

Wengine kanisani husema sindano hizo ni mambo ya mizimu. Mimi sisemi hivyo. Sindano ni chuma tu, na chuku si jambo geni kwetu: wazee wetu waliumika watu kwa pembe ili kutuliza maumivu. Mwaka 2016 mwogeleaji Michael Phelps wa Marekani alionekana Rio de Janeiro na alama za duara mabegani, na watu wengi wakashangaa. Bibi zetu wasingalishangaa.

Tena Asia imetupa dawa ya kweli. Katika vitabu vya kale vya China mmea mmoja ulitajwa kuwa dawa ya homa. Bibi Tu Youyou na wenzake waliuchunguza, wakatoa ndani yake dawa ya malaria, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa za jamii hiyo ndizo zinazowaponya watoto wetu leo. Lakini angalieni: bibi huyu hakuisifu desturi tu, bali aliipima. Mimea mingi aliyoijaribu haikufaa, akaiacha.

Basi nilimjibu kijana hivi: Kwenda si vibaya, lakini usianze na sindano. Anza na mwili. Jifunze kwanza mifupa, viungo na mishipa. Mchezaji akiteguka kifundo, apumzike, awekewe maji baridi, afungwe bendeji, na mguu uinuliwe. Asikandwe kwa nguvu siku hiyo. Asipoweza kwenda hatua nne, aletwe hospitali, kwa maana huenda mfupa umevunjika. Sindano yaweza kupunguza maumivu kwa watu wengine, lakini haiungi mfupa.

Pili, usidanganywe na cheti cha majuma machache. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu asiye daktari afundishwe kazi ya sindano kwa miaka miwili, yaani saa 2,500. Sababu iko wazi. Sindano ikichomwa vibaya kifuani hutoboa pafu. Sindano au wembe uliotumika kwa mwingine huweza kuleta UKIMWI na ugonjwa wa ini. Na hili nawaambia pia wale wanaoumika watu vijijini kwa wembe mmoja.

Tatu, uliza kabla ya kuuza kitu. Shule ni ipi, na je, imekukubali kwa barua? Mafunzo ni kwa lugha gani? Ikiwa ni kwa Kichina, itakupasa kujifunza lugha kwanza, na muda huo nao unahitaji chakula na nyumba. Nani atalipa? Na utakaporudi, serikali yetu itakitambua cheti chako?

Kijana alinyamaza. Nadhani alitaka nimwambie "nenda" au "usiende" tu. Lakini shamba lile linawalisha watu wengi, nao hawakuwapo pale kuuliza.

Ninyi wazazi, msimzuie mtoto mwenye hamu ya elimu, hata ikiwa elimu hiyo iko mbali. Lakini shamba lisiuzwe kwa ajili ya neno la mtu aliyepita njiani. Maswali yale yajibiwe kwanza. Akienda akajifunza vema, arudi, kwa kuwa miguu atakayoitibu iko hapa.