Faili la Mama Hufungwa Akifika 50

Kila baada ya miaka kadhaa serikali ya Kenya hutuma watu nyumba kwa nyumba kuwauliza raia kuhusu afya, ndoa na watoto. Utafiti wa mwisho wa aina hiyo ulifanywa 2022. Wanawake waliohojiwa walikuwa wa miaka 15 hadi 49. Wanaume walikuwa wa miaka 15 hadi 54. Hebu rudia kusoma hapo. Baba anahesabiwa miaka mitano zaidi. Mama anatolewa kwenye orodha siku anapofikisha 50, wakati uleule mwili wake unapopata mageuzi makubwa kuliko yote tangu avunje ungo.

Watu wa takwimu watakujibu kwamba 15 hadi 49 ndio umri wa kuzaa, na kwamba nchi nyingi hupima hivyo hivyo. Sawa, na ndilo lalamiko langu. Mwanamke anahesabiwa kwa sababu anazaa. Akimaliza kuzaa, faili linafungwa.

Nataka tuongee kuhusu tiba ya homoni kwa wanawake ambao hedhi imekoma au iko njiani kukoma, na nataka tuiongelee hapa tunapoishi, kati ya Ruiru na Thika. Nimechoka kusikia ati hiyo ni dawa ya Wazungu na ya matajiri wa Nairobi. Ujuzi unaotakiwa uko tayari kwenye hospitali zetu za umma, tena ndani ya chumba ambacho karibu kila mama amewahi kuketi.

Chumba hicho ni cha kupanga uzazi. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi 1967, nchi ya kwanza kufanya hivyo kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke Mkenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8. Kufikia 2022 wastani ulikuwa 3.4. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na homoni: vidonge vya kila siku, vijiti vya mkononi, sindano ya Depo kila miezi mitatu. Nesi anakupima presha. Anakuuliza kama damu imewahi kukuganda miguuni. Anakuandikia kwenye kadi tarehe ya kurudi. Ukirudi ukisema unatokwa na damu ovyo ovyo au kichwa kinakupasuka, anakubadilishia: jaribu hii nyingine, tuone. Kutafuta homoni inayomfaa mtu ndiko huko. Manesi wetu wamekufanya kwa zaidi ya miaka hamsini.

Sasa acha mama huyohuyo afikishe miaka 50 arudi kwenye lango lilelile. Aseme halali. Aseme joto linampanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni mara kumi kwa siku, moyo unakimbia, viungo vinauma, anasahau majina ya watu anaowajua, na kitandani na mumewe kumekuwa mateso. Ataambiwa ni umri. Mwili uleule, hospitali ileile, lakini ghafla homoni zimekuwa siri ya Mungu.

Mama yangu ni fundi wa cherehani, anashona sare za shule hapa Ruiru. Mji huu ulikuwa na watu 490,120 kwenye sensa ya 2019, wa nne kwa ukubwa Kenya, mbele ya Eldoret na Kisumu. Piga hesabu mwenyewe ni akina mama wangapi. Wa kwangu alianza kuungua akiwa na miaka 49. Kliniki moja ya kibinafsi ikamwambia ni mawazo, ikampa dawa za usingizi. Kliniki nyingine ikamuuzia vipimo vya damu vya homoni, ghali kweli, ilhali mwanamke aliyepita miaka 45 mwenye dalili kama hizo kwa kawaida hahitaji kipimo hicho. Dalili zenyewe na historia ya hedhi yake zinatosha. Kisha duka moja la dawa likamuuzia vidonge vya estrojeni pekee. Hakuna aliyemuuliza kama bado ana mfuko wa uzazi.

Hilo swali ndilo la kwanza kabisa. Mwanamke aliyetolewa mfuko wa uzazi anaweza kutumia estrojeni peke yake. Aliye nao anahitaji na dawa ya jamii ya projesteroni, kwa sababu estrojeni ikiachwa peke yake huufanya utando wa ndani wa mfuko huo kunenepa, na baada ya muda huongeza hatari ya saratani. Mama alipoanza kutokwa na damu baada ya miezi kadhaa, tulipanda matatu hadi Thika kwa daktari wa wanawake. Akamuuliza lile swali, akaagiza picha ya ultrasaundi, akaongeza projesteroni, na badala ya vidonge vya estrojeni akampa plasta ya kubandika kwenye ngozi. Baada ya miezi mitatu akapandisha dozi. Matiti yakauma, akaishusha kidogo. Kwa jumla ilichukua miezi minane. Mama analala sasa, na mikono imerudi kwenye kazi.

Dawa hizo zinatugharimu kwa mwezi zaidi ya kodi ya kibanda anachoshonea. Nalipa nusu.

Pesa hizo nazipata vipi? Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumba, nikaingia kazi ya kuandika mtandaoni kama vijana wengi wa Thika Road. Usiku tunawaandikia watu wa Marekani. Mwaka mama alipoanza kuungua, kazi niliyokuwa nayo ilikuwa makala kumi kuhusu plasta za homoni, kwa wasomaji wa Ohio. Nilikuwa nalipwa kumweleza mwanamke wa Ohio kwamba estrojeni inayopitia ngozini haiongezi hatari ya damu kuganda jinsi vidonge vinavyofanya. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mama akifungua dirisha saa tisa usiku. Alikuwa akiniambia, “Wacha tu, mami, hata shosho yako alipitia.” Maarifa yanaandikwa Ruiru na kusomwa ng'ambo, na mama wa Ruiru anaambiwa avumilie.

Tuje kwenye saratani, maana najua ndiyo hoja inayosubiri. Julai 2002, Marekani ilisimamisha sehemu ya utafiti mkubwa wa wanawake 16,608 waliokuwa wakipewa estrojeni na projestini, au dawa bandia. Saratani ya matiti ilikuwa imezidi kwa waliopewa homoni. Dunia ikaogopa, na woga huo bado uko kwenye kaunta zetu za dawa. Lakini soma namba. Kati ya wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, saratani ya matiti iliongezeka kwa wanawake 8, na kiharusi kwa 8. Saratani ya utumbo mpana ilipungua kwa 6, na kuvunjika nyonga kwa 5. Wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, yaani wengi walianza muda mrefu baada ya hedhi kukoma. Uchambuzi wa baadaye umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, faida mara nyingi huzidi hatari.

Na kuna jambo ambalo sijasikia likisemwa hapa kwetu. Projestini iliyotumika kwenye utafiti huo inaitwa medroksiprojesteroni. Ndiyo hiyohiyo iliyo ndani ya sindano ya Depo. Sisemi hivi kuwatisha mnaodungwa. Dozi, umri na sababu ni tofauti, na sindano imewasaidia mamilioni. Nauliza tu: mbona dawa hii haituogopeshi tunapotaka mama asizae, halafu inatutetemesha tunapotaka mama alale?

Wengine husema hii ni hali ya asili, si ugonjwa. Ni kweli. Hata macho kufifia ukizeeka ni asili, na hakuna anayemkataza mzee wa kanisa kuvaa miwani. Wengine husema shosho zetu walivumilia. Walivumilia, ndiyo, kama walivyovumilia kujifungua bila hospitali, na hakuna mbunge anayesimama kutuhimiza turudi huko. Wapo wanaosema Kenya ina shida kubwa zaidi. Lakini mama huyu wa miaka 50 ndiye analipa karo, ndiye anafungua duka asubuhi, ndiye anamlea mjukuu. Akikosa usingizi miaka mitano, nyumba nzima inalipa.

Sitaki kila mama apewe homoni. Kuna wanaopita kipindi hiki bila shida. Kuna ambao haziwafai: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, mwenye ugonjwa mkali wa ini, anayetokwa na damu ambayo chanzo chake hakijajulikana. Kwa hao kuna njia nyingine. Ndiyo maana kaunta ya dawa haiwezi kuwa kliniki, na ndiyo maana lazima awepo mtu wa kuuliza maswali na kupanga tarehe ya kurudi.

Mtu huyo yupo. Yuko kwenye hospitali ya umma ya Ruiru na ile ya Thika Level 5, kwenye chumba kile cha kupanga uzazi, na mashine ya presha mezani. Kaunti ya Kiambu impe mafunzo na karatasi ya maswali: una miaka mingapi, hedhi ya mwisho ilikuwa lini, mfuko wa uzazi upo, damu imewahi kuganda, kuna saratani katika familia? Wenye hatari apeleke kwa daktari. Wengine waanzishwe na warudi baada ya miezi mitatu, kama tu walivyozoea kurudi kwa sindano. SHA, ambayo kila mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kuilisha, iandike waziwazi kwamba inalipia dawa hizi. Na utafiti ujao wa afya usiishie 49.

Kama mama yako amefika umri huo, usingoje kaunti. Muulize leo analalaje. Akienda kwa daktari, mwambie asiondoke kabla ya kuulizwa lile swali la kwanza.