Airisi ya Kivulini

Mama mmoja wa Kisauni ametuandikia kuhusu ua ambalo hajapata kuliona kwa macho yake. Bintiye, aliyeolewa akahamia Virginia nchini Marekani, humpelekea picha zake kila Aprili: vijiua vya samawati iliyopauka, vifupi kama shubiri, vimetandaa chini ya miti nyuma ya nyumba kama busati. Sasa binti ameahidi kuja likizo na matunguu machache ndani ya sanduku, na mama anatuuliza iwapo yatashika chini ya mwembe wake, mahali ambapo hata nyasi zimekataa kuota. Twalijibu swali hili kwa urefu, kwa kuwa kivuli cha mwembe ni shida ya nyumba nyingi, na kwa kuwa sanduku lile lina mambo yasiyokuwa ya bustani peke yake.

Ua lenyewe ni airisi, wa aina ambayo wataalamu huiita Iris cristata, yaani airisi yenye kishungi, kwa sababu ya mstari wa njano ulioinuka juu ya petali zake mfano wa kishungi cha jogoo. Lilipewa jina hilo mwaka 1789. Kwao ni misitu ya mashariki ya Marekani, hasa milima ya Appalachia, na kimo chake hakizidi sana sentimita 20. Tunguu lake hutambaa juu ya uso wa ardhi, nusu limefichika na nusu li wazi, likitoa chipukizi upande huu na upande ule, na hivyo ndivyo shada moja linavyokuwa zulia baada ya miaka michache. Anayelifukia kwa kina kama mhogo huliozesha.

Lakini hapa pana jambo ambalo picha haionyeshi. Miti ya kule hupukutisha majani yote wakati wa baridi, na mwezi wa Machi na Aprili jua hufika chini bila ya kizuizi. Airisi hii huchanua katika nafasi hiyo, kabla majani hayajarudi, kisha hupumzika kivulini majira ya joto yakiingia. Kivuli chake, kwa hiyo, ni cha sehemu ya mwaka tu. Mwembe wetu haupukutiki namna hiyo. Giza lake ni la Januari hadi Disemba. Tena ua hili limezoea kulala katika baridi kali kabla ya kuamka, nasi hata Julai na Agosti usiku wa Mombasa huwa na joto la nyuzi 20 hivi. Hatuna budi kumwambia mama yetu waziwazi kwamba halitamfaa.

Na lau lingemfaa, bado tungemsihi binti asilitie sandukuni kimyakimya. Mmea uingiao Kenya hutakiwa kibali kutoka KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi utokako. Wako wanaoona huu ni usumbufu wa makaratasi. Sisi hatuoni hivyo. Udongo wa kijiko kimoja ulioshikamana na mizizi waweza kubeba minyoo na ukungu ambao hatuna kinga yake, na majirani wa mama huyu wanaishi kwa embe na minazi.

La tatu ni la jikoni. Tunguu la airisi, likiwa limeoshwa na kuwekwa juu ya meza, lafanana na tangawizi kiasi cha kumhadaa mtu mwenye haraka. Nalo si chakula: huunguza mdomo, hutapisha na huharisha. Katika nyumba yenye watoto wadogo na chai ya tangawizi kila jioni, mgeni huyo hafai kuachwa ndani ya kikapu cha viungo hata kwa usiku mmoja.

Si kwamba airisi ni ngeni kwa watu wetu. Iko airisi nyeupe ya Yemen, Iris albicans, ambayo Waislamu wa zamani waliipanda makaburini, ikasafiri nao hadi Uturuki na Uhispania. Airisi hiyo haizai mbegu. Kila shada lililoko katika nchi hizo lilifika kwa mkono wa mtu aliyekata kipande cha tunguu na kukichukua. Hiyo, hata hivyo, ni ya jua kali na ardhi kavu, wala haistahimili giza la mwembe.

Kwa mahali pa mama yetu twapendekeza jamaa yake wa Brazili, Neomarica gracilis, ambaye wakulima wa maua humwita airisi itembeayo. Huyu ni mtoto wa misitu ya joto na kivuli amekizoea. Waulizeni wauza miche, wengine huwa naye bila ya kumjua jina: majani mapana kama upanga, yamepangika mfano wa kipepeo cha mkono, na ua lenye petali tatu nyeupe na tatu ndogo za buluu zilizojikunja. Ua hufunguka asubuhi na jioni limekwisha. Pale lilipokuwa huota kijimche, kikawa kizito, kikainamisha bua mpaka kikagusa ardhi na kutia mizizi. Ndiko kutembea kwake. Asiyetaka kungoja akigandamize kwa kijiwe, kisha akikate na mama yake kikishashika.

Msichimbe kwa jembe chini ya mwembe. Mizizi yake iko juujuu na itawashinda. Tafuteni kwa mkono nafasi baina ya mizizi, tieni mboji, pandeni mvua za masika zinapoanza, hatua ndogo baina ya shada na shada. Punguzeni matawi ya chini upande wa mashariki ili jua la asubuhi lipenye. Maji ya kisima cha chumvi msiyatumie. Maji ya udhu, yakikingwa kwenye beseni, hayana sabuni na yatosha kwa kipande kidogo cha bustani. Asumini na mrehani ziacheni juani. Mahali hapo si pao.

Swali la pili la mama yetu, la vidukari kwenye mrehani, tutalijibu wiki ijayo inshallah.